Uganda Haiishii Pakwach

Somo letu la toleo hili tulilipata ndani ya basi. Tulikuwa tukirejea Koboko kutoka Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na kwa kuwa hatukuvaa sare, abiria walizungumza mbele yetu bila kujizuia.

Msafiri wa njia hii huuvuka Mto Naili mara mbili. Kwanza ni Karuma, ambako maji hunguruma juu ya miamba na nyani hukaa kando ya lami wakingoja ndizi za abiria, desturi tusiyoisifu. Kisha ni Pakwach, ambako mto umetulia, na wachuuzi huinua samaki wa angara hadi madirishani. Basi lilipomaliza daraja la Pakwach, kijana mmoja aliyekuwa akija West Nile kwa mara ya kwanza, kuanza kazi, aliuliza kwa sauti: "Sasa tumetoka Uganda?"

Wengi walicheka. Mama mmoja wa Lobule, wa umri wa bibi yake, hakucheka. "Mwanangu," alisema, "ndiyo kwanza unaingia kwangu. Na kwangu ni Uganda."

Hatumlaumu kijana peke yake. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Baadaye likawa chini ya Sudan, na ni mwaka 1914 tu lilipounganishwa na Uganda. Mpaka na Kongo, kwa sehemu kubwa, ulifuata mgongo wa nchi unaotenganisha maji yaendayo Naili na yale yaendayo Mto Kongo. Waliouchora walitazama mvua hutiririkia wapi. Hawakuuliza nani ameoa wapi. Ndiyo maana Wakakwa leo ni raia wa Uganda, wa Kongo na wa Sudan Kusini. Tena, wakati wa vita vya LRA, magari yalipita kati ya Karuma na Pakwach kwa misafara iliyolindwa na askari, na aliyesafiri aliaga nyumbani kama aendaye mbali sana. Nchi isiyopitika kwa amani ni vigumu kuijua, na asiyeijua ataipendaje?

Mama yule alitusimulia ya kwake. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na watu wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan kwa wingi, yeye alivuka na mtoto mgongoni, akalima shamba la watu wa ng'ambo kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyemfukuza. Basi wakimbizi wa Kongo walipopokewa Lobule mwaka 2013, aliona deni limefika mlangoni. Lakini alipokuwa akilima ugenini, alisema, kila jioni alikuwa akitazama upande wa Koboko.

Hapa ndipo penye fundisho gumu, nasi tunalisema kwa kuwa tunakutana nalo kazini. Jamaa wa ng'ambo huja akaomba aandikishwe kama mtoto wa nyumbani ili apate kitambulisho cha taifa, au aazimwe cha binamu yake asafiri nacho. Mwenye nyumba huona haya kukataa, maana damu ni moja. Tunaielewa haya hiyo. Hata hivyo, kutoa maelezo ya uongo katika uandikishaji ni kosa la jinai, na madhara yake humrudia mwenyeji: vitambulisho vya uongo vikizidi, kila Mkakwa na kila Mlugbara hushukiwa njiani. Wala hapana haja ya uongo huo. Mkimbizi ana kitambulisho chake, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kusafiri ndani ya Uganda kwa kufuata sheria.

Nasi askari tusijitoe. Katiba ya mwaka 1995 imewataja Wakakwa na Walugbara miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Askari anayemwambia abiria "wewe Mkongo" kwa kusikia tu jina lake au lafudhi yake hajafanya uchunguzi, amemtukana raia. Aombe kitambulisho kwa adabu, akisome, amwache aendelee na safari. Hili tumewaambia wenzetu kwa mdomo, na sasa tunaliandika.

Tulifika Koboko jua likizama. Kijana alikuwa kimya tangu Nebbi. Aliposhuka, alimbebea mama kikapu chake cha angara, akamwomba radhi, kisha akamwuliza njia ya Lobule, kwani huko ndiko alikopangiwa kazi. Mama alimtazama kidogo, akaita pikipiki mbili, akamwambia apande ya nyuma na asiachwe.