SOMO LA KIKUNDI: SUMU INAVYOLETA MAUMIVU MWILINI



Tukitembelea vikundi vya Thika na Ruiru, swali moja hurudi kila mara: mtu akiumwa na nyoka, tutajuaje kama ni hatari? Wengi hujibu, "Tazama anavyolia. Kama haumii sana, nyoka huyo si mbaya."

Jibu hilo nusura limpoteze mama mmoja, mwanachama wetu, aliyekuwa amerudi kwao Kitui kulima. Aliumwa mguuni, akasikia kama amechomwa na mwiba tu. Jamaa wakamwambia apumzike. Kabla ya saa moja kwisha, kope zilikuwa zinaanguka na ulimi umekuwa mzito. Alipona kwa sababu jirani mwenye pikipiki hakungoja. Basi leo tujifunze maumivu ni nini, na kwa nini si kipimo cha kutegemea.

1. Mwili hupigaje kelele?

Chini ya ngozi kuna nyuzi nyembamba sana za mishipa ya fahamu. Kila uzi una vijilango vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukishika sufuria ya moto, vijilango hufunguka, chembe za chumvi huingia, na umeme mdogo hukimbia hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Hapo ndipo unasema, "Uuwi!"

Pilipili nayo huwasha kwa sababu hufungua kijilango kile kile cha moto. Mwaka 1997 David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua kijilango hicho, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Sumu ya wanyama hucheza na vijilango hivi. Mnyama anayetaka kujilinda anataka adui aumie haraka amwache.

2. Kila mmoja na njia yake

Nyuki: Sumu yake hutoboa chembe za mwili. Chembe zilizotobolewa humwaga maji yake, nayo huamsha mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mahali palipochomwa huwaka, huvimba na kuuma hata ukipagusa kidogo.

Nge: Ndugu zetu wa machimbo ya mawe ya Ndarugo wanamjua. Sumu yake huzuia vijilango vya chumvi visifungike vizuri. Ni kama kengele iliyobonyezwa ikakwama: inalia tu.

Swila mtema mate: Huyu hulenga macho. Mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba katika sumu yake vitu viwili husaidiana: kimoja huumiza mishipa ya fahamu, na cha pili huongeza nguvu ya kile cha kwanza.

Kifutu: Huyu hulala kimya kwenye nyasi, ukamkanyaga bila kujua. Sumu yake huharibu nyama na damu, na maumivu na uvimbe huwa vikubwa.

3. Sumu isiyopiga kelele

Koboko ni tofauti. Sumu yake huvuruga mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Kope huanguka, kumeza kunashindikana, mwisho pumzi inakatika. Na sikilizeni jambo la ajabu: mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba ndani ya sumu hiyo hiyo kuna vitu vinavyotuliza maumivu ya panya, kwa nguvu kama ya mofini. Kwa hiyo kimya cha jeraha si dalili ya usalama.

4. Tufanye nini?

- Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja, analia au halii. Pigeni simu mbele mkaulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.
- Mvueni pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Kiungo kisitikiswe, kifungeni kijiti cha kukishikilia, bila kukaza.
- Msikate kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msiweke jiwe jeusi. Sumu haitoki kwa njia hizo, na kidonda huongezeka.
- Mate ya swila yakiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi, kisha hospitali.
- Mwiba wa nyuki utolewe upesi. Akishindwa kupumua au uso ukivimba, ni hospitali.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Sisi tusiisahau. Anayeumwa zaidi ni mkulima, mchunga mifugo na mtoto asiye na viatu.

5. Maswali ya kujadili

a) Katika kikundi chetu, nani ana tochi na buti za kukatia majani ya ng'ombe?
b) Kuni na mawe tumeyarundika wapi? Karibu na mlango?
c) Mtu akiumwa usiku, gari au pikipiki ni ya nani, na nauli itatoka mfuko gani?

Swali la tatu lisiachwe bila jibu. Andikeni jina na namba ya simu kwenye kitabu cha kikundi kabla hamjafunga mkutano.