Kupanda Hanang na Binti Yako: Maswali ya Wazazi

Kiangazi kikikaribia, wazazi wa Mbulu na Hanang huulizia kuupanda mlima pamoja na mabinti zao, wakitumaini watoto watarudi wakijiamini zaidi. Mshauri wetu wa malezi anajibu.

Binti yangu yuko darasa la saba. Majibu anayajua ila hanyooshi mkono. Mlima utamsaidia nini? (Mama, Dongobesh)

Mama, mlima peke yake hautamsaidia kitu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa hasa na yale aliyoyatenda mwenyewe, kuliko aliyoyaona kwa wenzake au sifa alizomwagiwa. Ndiyo maana "unaweza, mwanangu" ya kila asubuhi haijaunyoosha mkono ule. Hanang ina mita 3,417, na kuipanda na kushuka kwa siku moja ni kazi ya kweli. Atakachofanya pale hakuna wa kumwambia amependelewa. Ila darasani bado atahitaji hatua zake. Zungumza na mwalimu amuulize swali alilojiandalia.

Mimi baba nifanye nini njiani?

Punguza amri. Safari nyingi za kifamilia huharibikia hapa: kaka yuko mbele na mwongozaji, baba anahimiza, binti yuko nyuma na hotpoti la chakula. Huyo atashuka amechoka tu.

Mpe uamuzi wenye uzito. Yeye apange maji, kwa kuwa huko juu hakuna chanzo cha kutegemea. Akikosea hesabu wote mtaona kiu, kwa hiyo ikagueni pamoja kabla ya kuondoka. Yeye ashike saa ya kugeuka mliyokubaliana. Kwa njia ya Jorodom, mtu hufika begani mwa mlima akadhani amemaliza, kumbe ukingo bado unaendelea hadi kileleni. Hapo ndipo baba hutamani kusema "tumalizie tu". Binti akisema saa imefika, geukeni, na usinung'unike hadi Katesh.

Najua Mbulu tunapenda kumtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia, mguu umefungwa bendeji. Mfano mzuri. Lakini aliyeamua kuendelea ni Akhwari mwenyewe. Usimtumie kumburuta mtoto.

Tunaishi Katesh. Tangu maporomoko, binti yangu hataki hata kuutazama mlima. Nimpandishe ili woga uishe?

Hapana, mama. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliua zaidi ya watu 80. Mtoto aliyeyaona hayo ana sababu ya kuogopa, na kumwita mwoga ni kumwonea. Mwache asimulie akitaka, kwa kiasi anachotaka. Jaribio la familia linaweza kuwa jingine kabisa, kwa mfano kupanda kwa miguu kutoka Dareda hadi juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hanang itasubiri siku atakayoitaja yeye, au asiitaje kamwe. Kama bado hutetemeka mvua ikinyesha au hashiki usingizi, muone afisa ustawi wa jamii au nenda hospitali. Hilo si la kutibiwa kwa matembezi.

Wazee wanasema binti jasiri huwa mkaidi. Nawajibuje?

Kwa heshima, wakumbushe ya kwetu. Wabarabaig wana girgwageda gademga, baraza la wanawake linaloweza kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Mwanaanthropolojia George Klima aliliandika mwaka 1964. Sauti ya mwanamke haikushushwa hapa na gari la mradi.

Kisha wape takwimu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Manyara asilimia 43 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kitaifa ni asilimia 8. Binti aliyezoea kusikilizwa hata kwenye hesabu ya maji ana pa kuanzia kusema "sitaki". Lakini tusimtwishe mlima huo peke yake. Kumlinda ni kazi yetu watu wazima.

Maandalizi je?

Chagueni Juni hadi Oktoba. Kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na mwongozaji ni lazima mumchukue. Ondokeni kabla hakujapambazuka, kila mtu na maji yasiyopungua lita tatu. Kichwa kikigonga na kutapika kukianza, shukeni mara moja.

Na tukisharudi?

Jamaa watapiga simu kuuliza habari za safari. Mpe binti simu, halafu utoke nje, ukibaki utamsahihisha.