Usisubiri Ripoti ya Juni: Namna Tunavyofuatilia Masomo ya Watoto Nyumbani

Ripoti ya muhula ina ubaya mmoja: inafika muhula ukiwa umekwisha. Unaambiwa mtoto amepata alama 38 za Hisabati siku ileile shule inafungwa na mwalimu anaaga kwenda likizo. Na darasa la shule ya msingi ya serikali lenye watoto wanaokaribia 100 halimpi mwalimu nafasi ya kumpigia simu kila mzazi kumwambia kwamba mwanawe alianza kulegalega tangu Februari. Habari hiyo tuitafute wenyewe, tena mapema. Mimi nina duka la vipuri hapa Morogoro, na watoto wawili, mmoja darasa la pili, mwingine la tano. Haya ndiyo tunayofanya nyumbani, na yanawezekana hata kwa mzazi anayefunga biashara saa mbili usiku.

Msikilize akisoma

Uwezo, wale waliopita kaya kwa kaya kupima watoto Tanzania, Kenya na Uganda, wana kipimo chepesi cha kiwango cha darasa la pili. Kwa Kiswahili mtoto huanza na silabi, akapanda kwenye maneno, kisha aya, kisha hadithi. Anapokwamia ndipo alipo, hata kama sare yake ni ya darasa la sita. Nimekiiga kipimo hicho. Hakihitaji gharama: kitabu cha kiada kinatosha, na kama hakipo nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao, unavisoma bure kwa simu.

Ila kuwa mjanja. Watoto wa madarasa ya chini husoma kwa kuitikia kwa pamoja, na wengi hukariri ukurasa mzima bila kutambua hata neno moja. Kwa hiyo usimwachie achague ukurasa. Funika picha kwa kiganja, mwanzishie katikati, au mpe kipande ambacho hawajakifikia darasani. Akimaliza, mwambie akusimulie alichosoma. Anayetamka vizuri lakini hana la kusimulia bado hajasoma.

Msikilizaji si lazima awe msomi. Mama mkwe wangu hakubahatika kwenda shule, na bado ndiye anayeogopwa kuliko sote. Sentensi ikipinda tu, anamkatisha: "Hebu rudia hapo, mjukuu wangu, sijaelewa." Mtoto anarudi nyuma, anagundua mwenyewe neno aliloruka.

Kagua daftari kwa jicho la fundi

Wengi wetu tunafungua daftari kutafuta vema na mkasi, tunafunga. Mimi naangalia mambo matatu: tarehe, ili nijue siku zisizo na kazi yoyote, masahihisho, kama yalifanyika au yalirukwa, na tofauti kati ya notisi na mazoezi. Notisi safi zenye mwandiko wa kupendeza, halafu mazoezi matupu, maana yake mtoto ananakili ubao tu.

Kisha chagua hesabu moja iliyopata vema, ubadilishe namba. Tuseme daftarini kuna 43 kutoa 17. Mpe 52 kutoa 28. Jibu ni 24. Akikuandikia 36, usimkaripie kwamba ana haraka. Mtazame mkono: ametoa 2 kwenye 8, kwa sababu namba ndogo ikiwa juu hajui la kufanya. Hajui kukopa. Hapo umeshapata habari ambayo ripoti ya Juni isingekupa. Chukua njiti za kiberiti, zifunge kumikumi kwa mpira, umwachie afungue fungu moja kila anapopungukiwa. Wa kwangu alielewa kwa njiti kabla ya kuelewa kwa kalamu.

Muulize mwalimu swali linalojibika

Ukiuliza "Mwalimu, anaendeleaje?" utajibiwa "Anajitahidi," na wote mtaagana kwa amani bila kuambiana kitu. Nenda na ulichokiona: "Mwalimu, pole na kazi. Nimeona kutoa kwa kukopa kunamshinda. Darasani mnatumia njia gani, nisije nikamchanganya nyumbani?" Mwalimu atakuonyesha, mara nyingi palepale, kwenye daftari lenyewe. Usimvamie asubuhi watoto wakiwa mstarini; subiri vipindi viishe. Na mbele ya mtoto usimseme mwalimu vibaya hata kama umekasirika.

Habari za shule zimfikie kila mtu

Kundi la WhatsApp la darasa lina kazi yake, lakini tangazo la mtihani likiwekwa saa nne asubuhi, hadi jioni limezikwa chini ya picha za maua na salamu. Na mwenye simu ya kitochi halioni kabisa. Sisi tulikubaliana hivi: matangazo huandikwa na mwalimu wa darasa na mwenyekiti wa wazazi tu, watoto wenyewe huyanakili kwenye daftari, na kila mtaa una mzazi mmoja wa kuwapitia wasio na simu janja. Alama za mtoto hazitajwi kundini kwa jina, ziwe nzuri au mbaya.

Mkutano usiishie kwenye michango

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na Serikali imepanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sehemu ikiwa ya vitabu. Bado uji una gharama, na mlinzi pia, hivyo mikutano yetu huelekea kwenye fedha. Sina ugomvi na mchango wa uji. Mtoto mwenye njaa hafundishiki. Soma mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, uliza panapokutatiza. Halafu iombe kamati ya shule iweke ajenda moja ya masomo, tena iwe ya kwanza, watu wakiwa bado hawajachoka: watoto wangapi wa darasa la tatu wanasoma aya bila kukwama, na wasioweza wanasaidiwa siku gani? Swali hilo likiulizwa kila mkutano, walimu huja na majibu, na wazazi huanza kuulizana wao kwa wao.

Haraka yote hii ina sababu. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na mtoto anayeufikia akiwa bado kwenye ngazi ya maneno atakwama hata kwenye Sayansi anayoijua, kwa kuwa hawezi kusoma swali. Akigundulika darasa la pili, anahitaji mtu wa kukaa naye kila jioni kwa muda mfupi. Akigundulika darasa la nne, anahitaji hayo pamoja na kufukuzana na masomo mengine yote. Kama wiki hii una nafasi ya jambo moja tu, acha madaftari, acha kundi la WhatsApp. Mpe kitabu, mfungulie katikati, usikilize.