Tujikinge na Upepo wa Kipupwe



Sisi tunaoishi nyanda za juu hatuhitaji kuangalia kalenda ili kujua kwamba mwezi wa Juni umeingia. Kipupwe hujitangaza chenyewe. Huko Makete na sehemu nyingine za Mkoa wa Njombe, asubuhi za Juni na Julai huweza kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Kadiri tunavyopanda juu, ndivyo joto linavyopungua. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa nusu digrii au zaidi kidogo. Tambarare za Kitulo ziko juu ya mita 2,600. Basi si ajabu watu wa huko kuvaa makoti wakati wenzao wa pwani wanavaa fulana.

Lakini leo hatuzungumzii baridi peke yake. Tunazungumzia baridi yenye upepo.

Unapopuliza uji wa moto unafanya nini? Unaondoa hewa ya moto iliyo juu ya uji, na hewa ya baridi inachukua nafasi yake. Uji unapoa upesi. Upepo nao hufanya hivyohivyo kwa mwili wako. Mwili hutoa joto, na joto hilo hupasha hewa iliyo karibu na ngozi. Hewa hiyo ni kama blanketi jembamba lisiloonekana. Upepo ukivuma huipeperusha, na mwili huanza upya kazi ya kupasha hewa nyingine. Upepo wa kuvuma na kutulia, kuvuma na kutulia, una hila zaidi. Ukitulia unadhani baridi imekwisha, unafungua vifungo. Mara unavuma tena, na joto lote ulilolikusanya linakwenda zake.

Tutazame hesabu. Hewa ikiwa na digrii 10, na upepo ukivuma kilometa 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba hewa ina digrii 6. Sasa mtu aliyepanda bodaboda inayokwenda kilometa 40 kwa saa amejitengenezea upepo huohuo, hata kama miti yote imetulia. Dereva anajua, ndiyo maana anavaa koti zito na glovu. Je, mtoto aliyebebwa kwa kanga moja? Yeye hawezi kusema kwamba vidole vimekufa ganzi. Tumfunike kichwa, mikono na miguu, lakini pua na mdomo viwe wazi ili apumue.

Sokoni, kwenye mitumba, siku hizi kuna jaketi nyingi za manyoya mafupi laini. Kitambaa hicho huitwa flisi. Kilianza kutengenezwa Marekani kuelekea mwaka 1980, na hutokana na poliesta, ambayo ni jamii ya plastiki. Tangu mwaka 1993 flisi nyingine hutengenezwa kwa chupa za plastiki zilizokwisha kutumika. Sifa yake ni kwamba ni nyepesi, hainywi maji mengi, na hukauka upesi. Manyoya yake hushika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayotunza joto.

Kasoro yake ni hii: flisi ya kawaida ina matundu mengi madogo, na upepo hupita. Mtu ananunua jaketi nene, anafurahi, kisha akifika kilimani anatetemeka na kusema ameuziwa jaketi bovu. Jaketi si bovu, ila halizuii upepo. Zipo flisi zilizotengenezwa kwa kuzuia upepo. Hizo huwa na utando mwembamba katikati, au upande wa nje uliofumwa kwa kubana sana. Utazijuaje? Bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu, huku umeweka kiganja upande wa pili. Ukihisi pumzi kwenye kiganja, upepo utapita pia. Muuzaji akikucheka, mwache acheke, fedha ni zako. Kisha angalia zipu kama inafika shingoni, na kama mikono na kiuno vinabana. Jaketi lililo wazi kiunoni huingiza upepo kama nyumba isiyo na mlango.

Si lazima kununua jaketi jipya. Sweta au flisi ya kawaida ivaliwe ndani, na juu yake koti jembamba la nailoni, hata lile la mvua. La ndani hutunza joto, la nje huzuia upepo. Wengi wetu hufanya kinyume, sweta nje na shati la nailoni ndani, halafu tunalaumu hali ya hewa. Ukianza kulima au kupanda mlima, fungua zipu kabla hujatoka jasho. Nguo iliyolowa jasho hukupoza vibaya utakapopumzika.

Jambo moja tunalitilia mkazo: flisi na moto havipatani. Poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake ni baya. Anayepika kwenye mafiga alivue, akae na nguo ya pamba. Watoto wasiote moto wakiwa wamelivaa.

Mtu akizidiwa na baridi hutetemeka sana, huongea kama mlevi, na mikono hushindwa kufunga vifungo. Akiacha kutetemeka bila ya kupata joto, hapo ni hatari kubwa. Mwondoe penye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu, na kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Kisha apelekwe zahanati. Komoni au ulanzi asipewe. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe ndilo linalotoka. Jiko la mkaa nalo lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imekwisha kuua watu usingizini.

Jaketi la flisi lifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, lianikwe mbali na moto, wala lisipigwe pasi.