SOMO LA SIVISME: VITI NGAPI, NA KWA NANI? Ginsi mapatano yalivyozaa Katiba ya 2006



Wengi wenu munashika kwa kichwa, juu ya ekzame, kwamba Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Mwezi wa 2, 2006. Ni vema. Lakini mutu anayejua tarehe tu hajaijua bado Katiba. Leo tuulize: kwa nini tuna nyumba mbili za bunge, moja yenye viti 500 na nyingine yenye viti 108? Hesabu hizi hazikuanguka toka mbinguni. Zilitoka katika mapatano, na katika mapatano kila mutu anaachilia kitu.

1. Mufano wa shule

Tuseme shule inataka kuchagua komite ya wanafunzi. Darasa la kwanza lina watoto 60, darasa la sita lina 20. Wale wa kwanza watasema: "Sisi ni wengi, tupewe viti mara tatu." Wale wa sita watajibu: "Kila darasa ni darasa. Tugawanye sawasawa, kama sivyo mutatumeza." Pande zote mbili ziko na haki. Mukifuata upande mumoja tu, upande wa pili utaacha kuja katika mukutano, na hapo komite imekufa.

Shida hiyo iliwapata Wamarekani kule Philadelphia katika mwaka wa 1787. Majimbo makubwa yalitaka viti kufuatana na hesabu ya watu, madogo yalitaka usawa. Tarehe 16 Mwezi wa 7 walipatana: nyumba moja kwa hesabu ya watu, nyingine maseneta 2 kwa kila jimbo. Lakini angalieni vizuri. Walipatana vilevile kwamba watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3, na watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Mabwana wao ndio waliopata viti zaidi. Kumbe mapatano yanaweza kuwafaa wale walio mezani na kuwaumiza wale ambao hawakuitwa.

2. Inchi yetu mwanzoni

Katika Mwezi wa 1 na wa 2 wa 1960, wakubwa wetu walikutana na Wabeljiki kule Brussels, katika Meza ya Mviringo. Wengine, kama Lumumba, walitaka serikali moja ya katikati yenye nguvu. Wengine, kama Kasavubu na Tshombe, walitaka majimbo yawe na mamlaka yao. Sheria ya Musingi ya tarehe 19 Mwezi wa 5, 1960 iliwapatanisha kidogo: wabunge 137 kufuatana na hesabu ya watu, na maseneta 84, ndio kusema 14 kwa kila moja la yale majimbo 6. Lakini Katiba ya Mobutu ya 1967 iliondoa Senati, na kiisha chama kimoja kikashika yote. Mahali pa kupatana pakafungwa.

3. Meza ya Pretoria na Sun City

Vita iliyoanza 1998 ilikata inchi vipande. Kinshasa ilikuwa na serikali ya Kabila, Gbadolite, MLC ya Bemba, Goma, RCD, na huku kwetu Beni na Butembo, RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Hakuna aliyeweza kumushinda mwenzake kabisa. Basi walitia sahihi mapatano kule Pretoria tarehe 17 Mwezi wa 12, 2002, na yakasimikwa Sun City tarehe 2 Mwezi wa 4, 2003.

Waligawanya namna hii. Rais alibaki Joseph Kabila, na chini yake makamu 4. Katika Bunge la viti 500, serikali, RCD, MLC, upinzani usio na silaha, na vikundi vya wanainchi walipata viti 94 kila mumoja. Vilivyobaki 30: RCD-K/ML 15, Mai-Mai 10, RCD-N 5. Hapo hakuna hata mumoja aliyepigiwa kura. Wengi walipata kiti kwa sababu walikuwa na bunduki. Ilikuwa bei ya kunyamazisha vita, na ni bei kubwa.

Hata hivi, kazi moja kubwa ilitoka katika nyumba hizo. Senati ya wakati ule iliongozwa na Askofu Pierre Marini Bodho, mukubwa wa Kanisa la Kristo katika Congo. Ndiyo iliyotayarisha maandiko ya kwanza ya Katiba mupya. Bunge liliyakubali katika Mwezi wa 5, 2005. Kura ya wanainchi ilifanyika tarehe 18 na 19 Mwezi wa 12, 2005, ikiongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, aliyekuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 waliopiga kura walisema ndiyo.

4. Mapatano yaliandika nini?

a) Nyumba mbili. Wabunge 500 wanagawanywa kufuatana na hesabu ya watu walioandikishwa kupiga kura. Maseneta ni 4 kwa kila jimbo, na 8 kwa Kinshasa.

b) Inchi ni moja wala haigawanyike, lakini ina majimbo 25 pamoja na muji wa Kinshasa, na kila jimbo na bunge lake na guverneri wake.

c) Feza. Jimbo linapaswa kubakiza 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Hili limeandikwa, lakini kulitimiza kumekuwa na shida.

Kivu ya Kaskazini ilipata nini, iliachilia nini? Katika 2006 ilipata wabunge 48, hesabu kubwa. Lakini katika Senati ilipata 4 tu, sawa na Bas-Uele yenye watu wachache sana kuliko sisi. Musikasirike. Ni ile hoja ya darasa la sita.

5. Kiti kisicho na mutu

Kiti kinaweza kuandikwa katika sheria na kukosa mutu wa kukikalia. Tarehe 30 Mwezi wa 12, 2018 inchi ilipiga kura, lakini si Beni wala Butembo. Ilisemwa ni juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kule Beni watu walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe, hata kama ilijulikana haitahesabiwa. Rais mupya aliapishwa tarehe 24 Mwezi wa 1, 2019. Sisi tulichagua wabunge wetu tarehe 31 Mwezi wa 3 tu, na kura ya rais ilitupita. Katika Mwezi wa 12, 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru kubaki nje, juu ya vita.

Katika 2024 Rais Tshisekedi alisema kule Kisangani kwamba Katiba iangaliwe upya, na mabishano yakaanza. Mutasikia mengi. Mbele ya kupiga makofi ao kukasirika, ulizeni kwanza: nani yuko mezani, nani hakuitwa, na mugeni huyu wa mezani ametumwa na nani? Na ninyi mulio na miaka 18, karte ya kura si ya kuonyesha njiani kwa barriere tu. Viti vya jimbo vinahesabiwa kwa wale walioandikishwa.

MAULIZO

1. Kwa nini jimbo kubwa linaweza kukubali Senati yenye usawa?
2. Hesabu: RCD-K/ML ilikuwa na viti 15 kati ya 500. Ni ngapi kwa mia?
3. Je, ni vema kumupa mwenye bunduki kiti ili aiweke chini? Toa sababu mbili za ndiyo na mbili za hapana.
4. Andika ginsi komite ya shule yetu ingeweza kugawanywa, kusudi darasa dogo na kubwa yote yaridhike.