Somo la 12: Njia ya Divai

Zabibu ni tunda lisilosubiri. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani miezi mingi ukingojea bei nzuri. Lakini zabibu zilizoiva zikikaa siku chache tu huanza kuoza. Mnunuzi analijua jambo hili. Kwa hiyo mara nyingi mkulima hukubali bei yoyote anayopewa.

Wakulima wa Dodoma wanaifahamu sana shida hii. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Iko misimu ambayo mkulima amevuna vizuri, kisha akakosa mnunuzi.

Je, mkulima afanye nini? Katika somo hili tutasoma habari za wakulima wa Afrika Kusini ambao walijaribu njia moja. Tutaona faida waliyopata. Tutaona pia ni nani hawakupata faida hiyo.

1. Mashamba ya Stellenbosch

Stellenbosch ni mji wa Afrika Kusini. Uko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Waholanzi waliuanzisha mwaka 1679. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, hasa kuanzia Juni mpaka Agosti. Wakati wa joto jua huwa kali, na zabibu huiva. Mavuno mengi hufanyika Februari na Machi.

Waholanzi walipanda mizabibu ya kwanza huko Cape mwaka 1655. Walikamua divai ya kwanza mwaka 1659. Baadaye mashamba yalienea, lakini kazi ngumu ilifanywa na watumwa. Watu hao walitolewa Bukini, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulikomeshwa huko katika miaka ya 1830. Mashamba yalibaki mikononi mwa mabwana walewale.

2. Zabibu hugeukaje kuwa divai?

Zabibu husagwa na kukamuliwa. Maji yake huachwa yachachuke. Hamira hula sukari iliyomo na kuigeuza kuwa pombe. Divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda ya zabibu. Maganda ndiyo yanayoipa rangi. Baadaye divai hutunzwa katika mapipa au matangi, kisha hutiwa katika chupa.

Sasa angalia tofauti. Zabibu haziwezi kusubiri. Divai iliyotengenezwa vizuri inaweza kusubiri miezi, hata miaka. Mkulima mwenye divai hana haraka kama mkulima mwenye vikapu vya zabibu.

3. Wakulima watatu

Mwaka 1969 mkulima mmoja wa Stellenbosch, Frans Malan, alikwenda Ufaransa. Katika jimbo la Burgundy aliona jambo lililompendeza. Wageni walipita shamba kwa shamba. Waliionja divai palepale ilipotengenezwa, kisha wakainunua.

Aliporudi nyumbani alizungumza na wenzake wawili, Neil Joubert na Spatz Sperling. Mwaka 1971 wakulima hao watatu walianzisha njia ya divai ya Stellenbosch.

Njia ya divai si barabara mpya. Barabara zilikuwapo. Jambo jipya lilikuwa mapatano. Mashamba yalikubaliana kupokea wageni, kuweka vibao vya kuonyesha njia, na kujitangaza pamoja. Mgeni aliyemaliza kutembelea shamba moja alielekezwa shamba la pili. Jirani hakuwa tena mshindani tu. Alikuwa mwenzi pia. Leo njia hiyo ina mashamba zaidi ya 100.

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli. Lakini hata kizuri huhitaji kibao barabarani.

4. Mgeni huleta nini?

Mgeni akifika shambani huonyeshwa mizabibu na mapipa. Hulipa fedha kidogo ili aonje divai za namna mbalimbali. Humiminiwa kiasi kidogo tu katika glasi. Wengine huonja na kutema, hasa anayeendesha gari. Mgeni akipenda, hununua chupa. Akisikia njaa, hununua chakula. Usiku ukiingia, hulipia kitanda.

Hesabu mwenyewe. Anayeuza zabibu huuza mara moja. Anayetengeneza divai hupata faida ya kazi ya pili. Anayempokea mgeni hupata faida ya chakula na malazi pia. Shamba ni lilelile.

5. Nani aliachwa nje?

Njia hiyo ilipoanza mwaka 1971, Afrika Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Wenye mashamba walikuwa Wazungu. Waliopogoa mizabibu na kuchuma zabibu hawakuwa na ardhi.

Tena kulikuwa na desturi mbaya iliyoitwa dop. Wafanyakazi walipewa divai mara kadhaa kwa siku kama sehemu ya malipo yao. Sheria ilipiga marufuku desturi hiyo katika miaka ya 1960, lakini baadhi ya mashamba yaliiendeleza mpaka miaka ya 1990. Watu wengi wakawa watumwa wa ulevi. Mama mjamzito akinywa pombe, mtoto aliye tumboni hunywa naye. Ubongo wa mtoto huweza kuharibika, na dhara hilo haliponi. Vijiji vya mashamba hayo vina watoto wengi waliodhurika hivyo.

Ubaguzi ulishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1994. Mwaka 1995, huko Elgin, si mbali na Stellenbosch, ulianzishwa mradi ulioitwa Thandi. Katika mradi huo wafanyakazi wa mashamba walipata hisa. Hata hivyo, mpaka leo mashamba mengi ya divai bado yako mikononi mwa wachache.

6. Tunajifunza nini?

Kwanza, zao linalooza haraka lisindikwe karibu na shamba. Pili, mkulima mmoja hawezi kuvuta wageni peke yake. Wakulima wakiungana wanaweza. Tatu, wageni kuwa wengi si kusema kijiji kimeendelea. Ni lazima tuulize: fedha za mgeni zinaingia mfuko wa nani? Swali hilo liulizwe kabla kibao cha kwanza hakijasimamishwa.

Maneno mapya

Kupogoa: kukata matawi ya mti ili uzae vizuri.
Kusindika: kutengeneza zao ili lisiharibike upesi.
Hisa: sehemu ya mali inayomilikiwa na mtu katika shughuli ya pamoja.

Maswali

1. Kwa nini mkulima wa zabibu hukubali bei ndogo?
2. Wakulima watatu walipatana nini mwaka 1971?
3. Dop ilikuwa nini? Iliwadhuru vipi wafanyakazi na watoto wao?
4. Jadilianeni darasani: Ni zao gani la kijijini kwenu linaloharibika upesi? Wageni wakija kuliona, mtafanyaje ili kila aliyelifanyia kazi apate haki yake?