Namba ya siri hailindi mtu mmoja tu



Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, benki zilifunga milango, umeme na maji vikakatika. Mwezi wa Februari makambi mengi ya kandokando ya mji yakabaki matupu, watu wakajitwika mizigo tena. Wengi waliacha vyungu na maturubai, lakini simu hawakuiacha. Ndani yake mlikuwa na pesa, namba za ndugu, picha ya kadi ya mchaguzi na, kwa viongozi, orodha za majina ya watu. Katika somo hili tutaona namna ya kulinda vitu hivyo.

MAMBO TULIYOYAONA

Katika kambi moja tulimofanya kazi, rais wa kamati alipigiwa simu na mtu aliyejidai kuwa mfanyakazi wa shirika. "Papa Rais, tumekutumia mesaji yenye namba sita. Utusomee, tuingize kambi yako kwenye orodha ya msaada." Rais akasoma. Muda si mrefu WhatsApp yake ikajifunga, ikafunguka kwenye simu ya mwizi.

Mwizi akaandika katika kundi la kambi, kwa jina na picha ya rais: kila familia itume franka 2.000 kwa simu. Isiyotuma, jetoni yake ya chakula itapewa watu wa bloku nyingine. Familia kadhaa zilituma. Chakula hakikufika. Watu wa bloku ile nyingine walitoka sehemu nyingine na walisema lugha nyingine. Basi maneno ya zamani yakaamka, na vijana wakaanza kungojana kwenye bomba la maji. Tulitumia siku tatu za vikao, tukipita hema kwa hema pamoja na rais, kueleza yaliyotokea. Hakuna aliyepigwa. Lakini wako mama wawili ambao hawakumsalimia tena mpaka kambi ilipofungwa.

Yote hayo yalianzia kwenye namba sita zilizosomwa kwa simu. Ndiyo maana tunasema kwamba namba ya siri ya kiongozi ni jambo la amani.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usimsomee mtu yeyote namba zinazokuja kwa mesaji. Shirika la kweli halihitaji namba hizo ili kukuandikisha. Kisha weka mlango wa pili: fungua WhatsApp, ingia Paramètres, halafu Compte, halafu Vérification en deux étapes, uchague namba sita zako mwenyewe. Mwizi akipata zile za mesaji, bado atakosa hizi.

2. Namba ya siri ya pesa uiandike kwa kidole chako. Kwenye kabini usimtajie mwenye kabini, hata kama mnafahamiana na foleni ni ndefu. Namba nne zinaweza kupangwa kwa njia 10.000, lakini anayekujua hajaribu zote. Anajaribu 1234, 0000, mwaka wako wa kuzaliwa na mwaka wa mtoto wako wa kwanza. Usichague hizo.

3. Asiyejua kusoma achague msaidizi mmoja tu. Tunajua kwamba wazee wengi husaidiwa na mjukuu au jirani, na hilo si kosa. Kosa ni kusaidiwa na kila mtu. Mkitengana na msaidizi huyo, namba ibadilishwe siku ileile.

4. Badilisha neno la siri ulilopewa na mtu mwingine. Wengi wetu tulifunguliwa Facebook au barua pepe na kijana wa kabini, naye ndiye aliyechagua neno la siri. Pengine ni mtu mwema, lakini ufunguo anao.

5. Neno refu ni bora kuliko neno gumu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano: chukudu dirisha maharage jumanne. (Usitumie haya, yamekwisha kuandikwa hapa.) Barua pepe iwe na neno lake peke yake, kwa sababu anayeifungua anaweza kuomba maneno mapya ya akaunti zako nyingine.

6. Kuandika kwenye karatasi si dhambi. Lakini karatasi isikae ndani ya kifuniko cha simu, wala isitaje ni ya nini. Iweke pamoja na karatasi zako za muhimu.

CHOMBO GANI KWA KAZI GANI?

Mesaji ya kawaida hupita bila mega, lakini kampuni ya simu inaweza kuisoma. Itumie kwa salamu na saa ya mkutano.

WhatsApp na Signal hufunga maneno njiani, kati ya simu na simu. Lakini kundi la watu 200 ni sawa na soko: huwezi kujua ni nani anayesikiliza. Usitume humo majina ya walengwa, wala ya mama aliyebakwa, wala ya mtu aliyetoa ushuhuda.

Facebook ni ubao wa barabarani. Usiweke hapo picha zinazoonyesha mahali familia zilipojificha.

Barua pepe ni sanduku. Nakala ya kadi yako ikihifadhiwa humo, utaipata hata simu ikipotea.

NENO LA SIRI LINAKOISHIA

Ndugu viongozi, tuseme ukweli. Neno la siri humzuia mwizi, lakini halimzuii mwenye silaha kwenye kizuizi. Akisema "fungua", fungua: simu haina thamani ya maisha yako. Kwa hiyo kinga iliyo bora hufanywa kabla ya safari. Orodha ikimaliza kazi, ikabidhiwe kwa shirika na picha yake ifutwe. Katika WhatsApp washa Messages éphémères ili maneno yajifute yenyewe. Kisichomo ndani ya simu hakiwezi kumdhuru jirani yako.

UKIIBIWA

Kwanza pigia kampuni ya simu ifunge pesa. Pili, omba kadi ya SIM mpya ya namba yako. Hii ni rahisi ikiwa iliandikishwa kwa jina lako mwenyewe. Tatu, weka WhatsApp tena na kuingiza namba sita mpya za mesaji: mwizi anatoka papo hapo. Ikiwa ameweka mlango wake wa pili, utangoja siku 7, lakini naye hawezi kuingia. Nne, usione haya. Tangaza upesi, kwa mdomo, kanisani, msikitini na kwenye bomba, kwamba mesaji hizo si zako. Aibu ya rais wetu ilimnyamazisha siku mbili, na ni siku hizo ambazo uvumi ulikua.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KUNDI

- Ni nani, mbali na mimi, anayejua namba yangu ya siri? Je, tungali tunaaminiana?
- Simu yangu ikipotea leo, ni majina ya nani yatakayoonekana?
- Katika kambi yetu, mesaji ya kiongozi itathibitishwa namna gani kabla ya watu kutuma pesa au kukasirika?

Jibu la swali la mwisho mliandike, mlisome mbele ya wote. Amani iwe nanyi.